Maziwa ya kopo yapimwe mara moja, kwa kipimo kimoja

Chukua mfano wa mama mwenye duka la jumla upande wa Tanzania, karibu na mpaka wa Rusumo. Amenunua katoni 40 za maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa mwagizaji wa Dar es Salaam. Risiti anayo, ushuru umelipwa bandarini, na cheti cha ubora kimo ndani ya bahasha. Mteja wake mmoja yuko Kigali, mwingine yuko Bujumbura. Gari likifika mpakani, ofisa anapekua karatasi zote, anarudisha bahasha na kuuliza swali moja: nani amethibitisha kwamba vitamini zilizoandikwa kwenye kopo zimo ndani ya kopo?

Swali hilo si la uonevu. Ni swali ambalo mzazi yeyote angeuliza kama angekuwa na maabara jikoni kwake. Kasoro iko kwenye jibu. Cheti cha nchi moja kikikataliwa na nchi ya pili, sampuli huchukuliwa upya, hulipiwa upya, na mzigo hukaa stoo huku tarehe ya mwisho wa matumizi ikizidi kusogea. Mama huyo akifanya hesabu mara ya kwanza atapata hasara. Akifanya mara ya pili atatafuta njia ya panya.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama nane, kuanzia Dar es Salaam hadi Kinshasa, kuanzia Juba hadi Mogadishu. Ni eneo kubwa mno kuendelea kupima kopo lile lile mara tatu au nne. Lakini pia ni eneo lenye watoto wengi mno kuruhusu kopo lisilopimwa hata mara moja. Gazeti hili linaona kwamba mambo hayo mawili yana dawa moja: kipimo kimoja, kinachofanywa vizuri, kinachoaminiwa na wote.

Kwa nini vitamini zipimwe

Wapo wanaosema kwamba maziwa yakiwa hayajaoza, hayana wadudu na kopo halijabonyea, basi yanatosha. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kwa biskuti au juisi. Mtu mzima akikosa vitamini kwenye biskuti ataipata kwenye mchicha, maharage au samaki. Mtoto wa miezi miwili anayelishwa maziwa ya kopo peke yake hana mchicha. Kila anachohitaji kinatoka kwenye kopo hilo, mchana na usiku, kwa wiki nyingi mfululizo. Kilichokosekana ndani ya kopo kimekosekana mwilini mwake.

Dunia imejifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 nchini Marekani, watoto waliokuwa wakinywa aina moja ya maziwa ya watoto yaliyochemshwa kiwandani walianza kupata degedege. Ilibainika kwamba joto la kiwandani lilikuwa limeharibu vitamini B6. Viambato vyote vilitiwa kama ilivyopangwa, lakini kilichofika kwa mtoto kilikuwa pungufu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nchini humo humo, maziwa ya soya yaliyopungukiwa kloraidi yaliwaumiza watoto, na mwaka 1980 Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu ya maziwa ya watoto wachanga.

Mfano mzito zaidi ni wa mwaka 2003. Maziwa ya soya yaliyotengenezwa Ujerumani kwa ajili ya soko la Israel, yaliyouzwa kwa jina la Remedia, yalibadilishwa mchanganyiko. Mtengenezaji aliacha kuongeza thiamini, yaani vitamini B1, kwa imani kwamba soya yenyewe inayo ya kutosha. Haikuwa ya kutosha. Maabara zilipopima, zilikuta takriban sehemu ya kumi tu ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Watoto walianza kutapika, kulegea na kupoteza mwendo wa kawaida wa macho. Baadhi yao walifariki, na wengine walibaki na madhara ya ubongo. Uchunguzi wa miaka iliyofuata uliwakuta na matatizo ya lugha hata watoto ambao awali walidhaniwa wamepona au hawakuguswa kabisa.

Jambo la kuzingatia kwa mfanyabiashara ni hili: kopo hilo lilikuwa zima, safi, halijapita muda wake, na lilitoka kwenye nchi inayosifiwa kwa viwanda. Muuza duka hakuwa na njia ya kugundua kasoro kwa jicho, pua au ulimi. Ni maabara pekee iliyoweza kusema ukweli.

Funzo la nne lilitoka China mwaka 2008. Huko tatizo halikuwa vitamini bali protini. Kipimo kilichozoeleka hakihesabu protini yenyewe. Huhesabu nitrojeni, kisha hukadiria protini. Walaghai waliongeza melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, na kipimo kikaridhika. Watoto takriban 300,000 waliathirika na sita walifariki. Kwa hiyo kupima tu hakutoshi. Lazima ijulikane kinapimwa nini, na kwa njia ipi.

Kiwango kipo, tena kinaeleweka

Afrika Mashariki haianzi kutoka sifuri. Tume ya Codex, inayosimamiwa na FAO pamoja na Shirika la Afya Duniani, ina kiwango cha maziwa ya watoto wachanga tangu mwaka 1981, kilichofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2007. Kiwango hicho hakihesabu vitamini kwa kopo wala kwa kijiko. Kinahesabu kwa kila kilokalori 100 za nishati, kwa sababu mtoto hunywa mpaka ashibe.

Kwa kila kilokalori 100, vitamini A inatakiwa kuwa kati ya mikrogramu 60 na 180. Vitamini D iwe kati ya mikrogramu 1 na 2.5. Thiamini isipungue mikrogramu 60, vitamini C isipungue miligramu 10, folati isipungue mikrogramu 10, na vitamini B12 isipungue mikrogramu 0.1. Kuna sakafu na kuna dari, kwa sababu vitamini A na D zikizidi nazo hudhuru.

Lebo nyingi huandika kwa gramu 100 za unga, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Gramu 100 za unga wa maziwa ya watoto hutoa takriban kilokalori 500. Hivyo vitamini D ya mikrogramu 1 hadi 2.5 kwa kilokalori 100 inakuwa mikrogramu 5 hadi 12.5 kwa gramu 100. Lebo nyingine huacha mikrogramu na kutumia vipimo vya kimataifa vinavyoandikwa IU, ambapo mikrogramu moja ya vitamini D ni sawa na IU 40. Basi kopo lililoandikwa IU 400 na cheti kilichoandikwa mikrogramu 10 vinasema kitu kimoja. Ofisa asiyejua hesabu hiyo anaweza kuona udanganyifu pasipo na udanganyifu, na mfanyabiashara asiyeijua atashindwa kujitetea.

Ndani ya maabara

Ili kuelewa kwa nini maabara mbili za kweli zinaweza kutoa majibu mawili, ni vizuri kujua kazi yenyewe ilivyo. Chukua vitamini B12. Kopo la gramu 400 likitimiza kiwango cha chini kabisa lina mikrogramu 2 za vitamini hiyo, yaani sehemu moja katika sehemu milioni 200. Ni kama kutafuta punje moja ya mahindi ndani ya malori mawili ya tani 30 kila moja.

Kwa miaka mingi maabara zimetumia bakteria kutafuta punje hiyo. Kuna aina za bakteria wa maziwa ambao hawawezi kukua bila vitamini B12, na wengine hawawezi kukua bila folati. Mtaalamu huwaweka kwenye chakula chenye kila kitu isipokuwa vitamini hiyo, kisha huongeza sampuli na kuangalia wamekua kiasi gani. Njia hiyo ni nzuri, lakini inahitaji siku kadhaa na mikono iliyozoea. Chombo kisipooshwa vizuri, jibu linaharibika.

Kwa vitamini A na E, unga huchemshwa pamoja na potasi kali ili mafuta yavunjike, kisha vitamini hutolewa kwa kimiminika maalumu na kupitishwa kwenye mashine ya kromatografia inayozitenganisha moja baada ya nyingine. Kazi hiyo hufanyika mbali na jua, mara nyingi kwa chupa za rangi ya kahawia, kwa sababu mwanga huharibu vitamini A wakati inapopimwa. Vitamini C nayo huanza kupungua mara tu sampuli inapochanganywa na maji na kukutana na hewa. Mtaalamu akienda kula chakula cha mchana na kuacha sampuli mezani, jibu la saa nane si jibu la saa tano.

Ongeza jambo jingine: hakuna kipimo kisicho na mpaka wa shaka. Tuseme kiwango cha chini cha thiamini kwa gramu 100 za unga ni mikrogramu 300. Maabara ya kwanza ikipata 310 na ya pili ikapata 290, na kila moja ikiri kwamba jibu lake linaweza kuyumba kwa asilimia 10 juu au chini, basi kisayansi majibu hayo yanafanana. Lakini mpakani jibu la kwanza hugongwa muhuri wa kupita na la pili hugongwa muhuri wa kukataliwa. Mzigo mmoja, kweli moja, hukumu mbili.

Kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ISO/IEC 17025, kinaitaka maabara inayotoa hukumu ya kufaa au kutofaa iseme imetumia kanuni gani ya uamuzi na imehesabuje shaka hiyo. Cheti kisichosema hivyo ni nusu ya cheti.

Njia za kuondoa tofauti hizi zipo. Tangu mwaka 2010, shirika la wanakemia la AOAC limekuwa na jopo maalumu la kuchagua na kujaribu njia bora za kupima virutubisho katika maziwa ya watoto, na kadhaa kati ya njia hizo zimekubaliwa na Codex kuwa za kuamulia mizozo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hutoa unga wa rejea wa maziwa ya watoto ambao kiasi cha vitamini zake kimethibitishwa. Maabara hupima unga huo kwanza. Ikipata jibu sahihi, basi na jibu la sampuli yako linaweza kuaminiwa. Ni sawa na muuza nyama kuweka jiwe la kilo moja lililohakikiwa kwenye mizani yake kabla ya kukupimia.

Sheria ipo, utekelezaji unasuasua

Mwaka 2006 Jumuiya ilipitisha Sheria ya Viwango, Uhakiki wa Ubora, Ugezi na Upimaji. Shabaha yake ilikuwa kwamba nchi wanachama ziwe na viwango vya pamoja, na bidhaa iliyothibitishwa na taasisi inayotambulika ya nchi moja isianze upya katika nchi nyingine. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, Soko la Pamoja mwaka 2010, na vituo vya huduma kwa pamoja vimejengwa Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, Rusumo na kwingineko. Majengo ni mazuri. Maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja.

Hata hivyo, paa moja halijaleta kipimo kimoja. Wafanyabiashara wanakumbuka Machi 5, 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mipakani. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hofu ya afya ilikuwa ya haki, kwa kuwa sumukuvu imeua watu katika ukanda huu. Lakini kama vyeti vya upimaji vingekuwa vinatambulika kabla ya siku hiyo, mzigo safi ungepita na mzigo mchafu ungezuiwa, badala ya yote kusimama. Mwaka mmoja kabla, maziwa ya Uganda yalikuwa yamezua mvutano na Kenya, yakiandamwa na maswali kuhusu chimbuko na ubora wake.

Maziwa ya watoto wachanga yako kwenye hatari ya kufuata njia hiyo hiyo, tena kwa ugumu zaidi. Sehemu kubwa huagizwa kutoka nje ya Jumuiya. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo hawezi kutumia cheti rahisi cha uasili, kile kinachowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa sababu cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kenya, Uganda na Tanzania zina utaratibu wa kukagua ubora kabla bidhaa haijasafirishwa kutoka ng'ambo, lakini kila utaratibu hutoa cheti kinachoilenga nchi yake. Kopo likivuka tena mpaka wa pili, cheti hicho kinaweza kugeuka karatasi tu.

Matokeo yake ni kinyume cha kilichokusudiwa. Mzigo wenye karatasi hukawia. Mzigo usio na karatasi hupita usiku kwa baiskeli, kwa mtumbwi au kichwani, na hakuna anayejua ulilala wapi, ulipigwa jua kwa siku ngapi, wala kama tarehe iliyochapwa chini ya kopo ni ile ya kiwandani. Ukali usio na mpangilio unamwadhibu mkweli na kumtajirisha mjanja, na anayelipa gharama ya mwisho ni mtoto.

Kinachopaswa kufanyika

Kwanza, kila toleo la maziwa ya watoto lipimwe mara moja pale linapoingia Jumuiya, iwe Mombasa, Dar es Salaam au uwanja wa ndege, na jibu liambatane na namba ya toleo hilo mpaka kopo la mwisho liuzwe. Mfanyabiashara wa Busia au Bukavu asidaiwe kipimo kipya cha vitamini kwa toleo ambalo limeshapimwa na kufaulu.

Pili, taasisi za viwango za nchi zote nane zikubaliane kwa maandishi njia moja ya kupima kila vitamini, ile inayotambuliwa na Codex, na zitumie unga wa rejea wa aina moja. Maabara hizo zipimane mara kwa mara kwa kugawana sampuli ile ile bila kujua jibu lake. Inayokosea irekebishwe kabla haijapewa tena mamlaka ya kuhukumu mzigo wa mtu.

Tatu, cheti kiwe cha muundo mmoja. Kionyeshe namba ya toleo, tarehe ya kupimwa, njia iliyotumika, kiasi kwa gramu 100 na kwa kilokalori 100, mpaka wa shaka, na kanuni ya uamuzi. Kiwe na maelezo ya Kiswahili. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 137, unasema Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya pamoja. Hakuna pa kuanzia pazuri kuliko karatasi ambayo mwenye mzigo anatakiwa kuielewa kabla hajaitia sahihi.

Nne, pawepo maabara ya usuluhishi. Sampuli inapochukuliwa, igawanywe mafungu matatu yaliyofungwa kwa lakiri: moja la mamlaka, moja la mwenye mzigo, moja la akiba. Majibu yakigongana, fungu la akiba lipelekwe kwa maabara ya nchi ya tatu, kwa muda unaojulikana, na anayeshindwa alipe. Leo mfanyabiashara akikataa jibu la maabara hana pa kwenda zaidi ya kupiga simu kwa mtu anayemjua.

Tano, ofisa wa mpakani asitarajiwe kupima vitamini. Kazi hiyo haifanyiki kwenye kaunta. Kazi yake iwe kusoma namba ya toleo, kuilinganisha na orodha ya pamoja, kukagua makopo yaliyobonyea au kufunguliwa, na kuangalia hali ya stoo na gari. Toleo lenye mashaka lizuiwe mara moja, na onyo liwafikie wote nane siku hiyo hiyo. Mwaka 2008, habari za melamini zilipotoka, kila nchi ilihangaika kivyake kutafuta makopo madukani. Safari ijayo isiwe hivyo.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuuza mamlaka ya nchi. Kila serikali, watasema, inawajibika kwa watoto wake na haiwezi kutegemea maabara ya jirani. Hoja hiyo ina uzito, na haipaswi kupuuzwa. Lakini kutambua cheti cha jirani hakuiondolei nchi haki ya kuchukua kopo dukani wakati wowote na kulipima. Kinachobadilika ni kwamba ikigundua kasoro, itatangaza kwa wote badala ya kufunga mlango wake kimyakimya na kuacha toleo lile lile liuzwe ng'ambo ya mto.

Wapo pia watakaosema mashine ni ghali. Ni kweli. Mashine za kisasa zinazoweza kupima vitamini kadhaa za kundi B kwa mkupuo mmoja ni za bei kubwa, na vipuri na kemikali zake hazipatikani dukani. Hiyo ndiyo sababu ya kugawana kazi. Si lazima kila nchi iwe na kila kipimo. Nchi moja inaweza kubobea katika B12 na folati, nyingine katika A, D na E. Fedha inayotumika leo kurudia vipimo visivyoaminiana ingetosha kuimarisha vichache vinavyoaminiwa.

Sehemu ya mfanyabiashara

Haki hii ina wajibu wake. Hata maabara bora haiwezi kulilinda kopo lililoanikwa juani mbele ya duka. Joto, mwanga na hewa hupunguza vitamini kidogo kidogo, hasa C na A. Watengenezaji huongeza kiasi cha ziada kiwandani ili kifidie upotevu huo mpaka tarehe ya mwisho, na makopo mengi huondolewa hewa na kujazwa nitrojeni kabla ya kufungwa. Hesabu yao inategemea stoo kavu yenye kivuli. Turubai jeusi juu ya paa la basi haimo kwenye hesabu hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, desturi ya kufungua kopo na kupima unga kwa vijiko kwenye mifuko ya plastiki ikomeshwe na wafanyabiashara wenyewe. Mfuko hauna namba ya toleo, hauna tarehe, hauna maelekezo ya kuchanganya, na unga wake umeshakutana na hewa, unyevu na vidole. Mama anayenunua mfuko wa bei ndogo kwa sababu ya umaskini ndiye ambaye mtoto wake hana akiba ya mwili ya kufidia pengo.

Namba ya toleo iandikwe kwenye risiti, ya jumla na ya rejareja. Siku onyo likitoka, mwenye namba atarudisha makopo machache na kudai fedha yake kwa aliyemuuzia. Asiye na namba atatakiwa kutupa yote. Aliyepewa bei ya chini kupita kiasi ajiulize kilichopunguzwa ni nini. Na makopo yaliyopita muda yasibandikwe tarehe mpya. Huo si ujanja wa biashara, ni kumpokonya mtoto chakula.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vinaweza kubeba sehemu ya mzigo huu. Kwa sasa huenda kwa wakubwa kulalamikia kodi na vizuizi. Vikienda pia na orodha ya namba za toleo, rekodi za stoo na wanachama waliofundishwa kusoma cheti cha maabara, sauti yao itasikika zaidi, kwa kuwa watakuwa wanadai kupimwa kwa haki wala hawaombi kuachwa bila kupimwa.

Hakuna kati ya haya kinachopunguza neno la wataalamu wa afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 zinakataza maziwa ya kopo kutangazwa kwa umma, na nchi kadhaa za ukanda huu zimeziingiza kwenye sheria zao. Mfanyabiashara anayeuza bidhaa hii haruhusiwi kuipigia debe kama sabuni. Lakini wapo watoto waliofiwa na mama, wapo ambao mama zao ni wagonjwa mno, wapo wasio na njia nyingine. Kwa watoto hao, kopo ni chakula chote walicho nacho.

Mawaziri wa Jumuiya wanaosimamia biashara na afya hawahitaji sheria mpya ili kuanza. Ile ya mwaka 2006 inatosha. Wanachohitaji ni kuchagua bidhaa moja na kuithibitishia kanda nzima kwamba cheti cha Kampala kinasomeka Kigoma, na cha Mombasa kinasomeka Goma. Maziwa ya watoto wachanga yanafaa kuwa bidhaa hiyo ya kwanza, kwa sababu kiwango chake kinajulikana, njia za kupima zinajulikana, na anayeumia kipimo kikikosewa hawezi kusema.

Mama wa Rusumo yuko tayari kujibu swali la ofisa. Apewe karatasi moja ya kulijibia.